Nyangumi Aliyesema kwa Sauti ya Baba

Nachingwea,
9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Madaftari yamefika, sabuni imefika, na karanga zimefika nusu kwa sababu Agatha wa Narung'ombe ndiye aliyetumwa kuzipokea getini. Anasema ni panya. Panya wa Narung'ombe wana mikono.

Lakini sikuandikii habari za karanga. Baba, imetoka! Ile muvi ya nyangumi, imetoka ya pili! Mwalimu Leonard wa Kiingereza anasema yule mtoto sasa ni kijana wa miaka kumi na sita, na nyangumi anarudi kumtafuta. Miaka minane, baba. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye ubao wa mbele pale kwenye kibanda umiza chako cha kuonyeshea muvi, miguu haifiki chini, na wewe umesimama pembeni ya skrini na maiki yako unawasemea wote. Yule mtoto, Kelvin, ulimpa sauti ya puani. Nyangumi ulimpa sauti ya shangazi Dionisia na lafudhi yake ya Chinongwe, anamgombeza Kelvin kwa kutokula. Mzee Masoudi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Halafu mwisho, nyangumi akaenda kumtafuta mama yake Kelvin aliyepotea, akamleta, na yule mama akamkumbatia mwanawe ufukweni akasema, "Mwanangu, nimerudi." Hapo hakuna aliyecheka.

Ombi langu ni moja. Usiitafsiri mpaka nije likizo ya Juni. Nataka nikae kwenye ubao uleule. Watu wa Ruangwa wakikusumbua, waambie DJ Maksi anaumwa.

Jumamosi matroni alitupa simu yake, nikakupigia mara tatu hukupokea. Jumamosi ya kabla yake vilevile. Kama unaogopa nitaomba sketi, usiogope, ya zamani bado inanitosha. Nimekonda.

Mwanao,
Edina Maximilian
Kidato cha Pili


Ruangwa,
19 Februari 2025

Edina,

Marahaba. Kwanza acha kukonda, watu watasema nakulisha maneno matupu.

Simu yangu maiki yake imekufa. Mimi namsikia mtu, yeye hanisikii. Fundi anasema kipuri kinatoka Dar, na unajua mafundi wa hapa, Dar yao iko mbali kuliko ya watu wengine. Kwa hiyo tuandikiane. Wasichana wa umri wako wanaojua kuandika barua nchi hii labda mmebaki watano, na mmoja wao anakula karanga za mwenzake.

Ya pili ninayo. Huzaifa muuza muvi aliniletea kwenye flashi, iko kabatini, sijaifungua. Watu wakiuliza nitawajibu kama ulivyoagiza, kwamba ninaumwa. Binti ndiye bosi. Kibanda nimekifunga kidogo, bati linavuja juu ya skrini na mvua za mwaka huu hazina adabu. Na kile kikohozi ulichoniacha nacho ni vumbi tu, vumbi la huku unalijua.

Soma. Kiingereza hasa. Mimi kilinipita pembeni.

Baba yako,
Maximilian


Nachingwea,
31 Machi 2025

Baba,

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Nilikaa karibu na geti kuanzia asubuhi. Akaja shangazi Dionisia peke yake na kuku wa kuchemsha. Nikamuuliza baba yuko wapi, akasema una kazi. Kazi gani, na kibanda kimefungwa? Akaanza kunifuta mdomo kwa kanga yake, na mimi nilikuwa sijaanza hata kula.

Hilo ningelimeza. Lakini kuna jingine.

Ijumaa mwalimu Leonard alituonyesha muvi ya nyangumi bwaloni, ya kwanza, kwa Kiingereza chenyewe bila mtafsiri, ili tujifunze. Wiki nzima nilikuwa nimewasimulia wenzangu. Nilijitapa, baba. Niliwaambia wasiwe na wasiwasi, mimi hii naijua kwa moyo, nitawatafsiria.

Kumbe hata jina lake si Kelvin. Nyangumi hasemi. Muvi nzima hasemi neno hata moja, anapanda juu, anapumua kwa tundu la kichwani, anazama. Lile kaburi lenye picha ya mwanamke, ulilosema ni la babu yake, ni la mama yake. Mama amekufa tangu mwanzo. Na yule mwanamke wa ufukweni ni mama yake mdogo, dada wa marehemu, na anachomwambia pale ni, "Mimi si mama yako. Lakini nipo." Bwalo zima liligeuka kuniangalia. Sasa naitwa Nyangumi. Nikipita wananigombeza kwa lafudhi ya Chinongwe.

Kiingereza hukujua, sawa. Lakini mimi nilikuamini. Mama alikuwa ameondoka miezi miwili tu, na nilipotoka kibandani siku ile nilikuwa nimeshaelewa kwamba mama wanaopotea hurudi. Mpaka darasa la sita nilikuwa nikitoka shule napitia stendi. Kila gari lililotoka njia ya Masasi nililisimamia mpaka abiria wa mwisho ashuke. Nilikuwa nawauliza wapiga debe kama la kutoka Njombe, alikokwenda mama, limeshafika. Hukuwahi kunizuia.

Juni siji. Nitaenda na Agatha kwao.

Edina


Ruangwa,
16 Aprili 2025

Edina,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Una haki ya kila neno isipokuwa moja.

Kiingereza changu ni cha kuokota, kweli. Muvi nyingi nilizotafsiri nilikuwa naangalia mikono ya watu na kubuni. Mtu akipiga meza, nasema, "Nipe mzigo wangu." Kelvin nilimwita Kelvin kwa sababu jina la kwao lilinishinda. Nyangumi nilimpa maneno kwa sababu watu wa kibanda umiza hawakai dakika mbili kimya, wanapiga miluzi. Hayo yote ni ujinga wangu na nayakubali.

Lakini sentensi ya yule mwanamke ufukweni niliielewa. Ilikuwa nyepesi, ya darasa la tano. Mimi si mama yako. Nilikuwa na maiki mdomoni tayari, nikageuka, nikakuona. Ulikuwa umeshika karanga moja hujaila, umeinamia mbele kama unayetaka kuingia mle ndani. Mdomo wangu ukasema, "Mwanangu, nimerudi." Sikupanga. Na uliporudi nyumbani ukalala bila kulia, mara ya kwanza baada ya wiki tisa, nikauacha uongo ukae. Kila jioni ulipochelewa kurudi nilijua uko stendi. Sikuwa na moyo wa kuja kukutoa.

Shangazi yako ananiambia nikuandikie kwamba kwetu dada wa mama ni mama, kwa hiyo sikukosea sana. Sikuandikii hivyo.

Mama yako alipopewa uhamisho kwenda Njombe hakusema atarudi. Alisema, "Maksi, huku siwezi tena, na mtoto sitaki kumvutavuta." Mwaka uliofuata aliandika mara moja kwamba ameolewa. Anuani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ni yako, ifanyie utakalo.

Njoo Juni. Ukitaka jifungie chumbani, usinisemeshe hata siku moja, lakini njoo.

Baba yako,
Maximilian


Nachingwea,
25 Mei 2025

Baba,

Anuani nimeiweka kwenye Biblia. Sijaifanyia kitu.

Jana nilikupigia. Nilijua maiki ya simu yako imekufa, nikasema basi, angalau anisikie. Ukapokea. Nikasema baba. Nikasikia mtu anapumua. Kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira. Nikasema baba, ni mimi, sema hata neno moja. Ukapumua tu. Wasichana kwenye foleni wakaanza kucheka, nikakata.

Kama pumzi yako naisikia, basi maiki ni nzima. Ni wewe ndiye hutaki. Na kaka yake Agatha alipita Ruangwa, anasema kibanda kina kufuli lenye kutu na bati halina hata tundu la msumari. Anasema hujaonekana tangu Machi, watu wanadhani uko Dar. Kama umeoa huko sema tu, mimi si mtoto. Lakini usinipumulie kwenye simu.

Likizo nitakuwa Narung'ombe.

Edina


Chinongwe,
10 Juni 2025

Edina mwana wa kaka yangu,

Anayeandika ni katekista Benedikto. Yeye mkono tu, maneno ni yangu. Kiswahili changu unakijua, nimemwambia asininyooshee.

Baba yako alinikataza kusema. Nimekaa na hilo tangu mwezi wa pili, na siku ile ya kuku nilikuwa karibu kulitapika mbele yako. Sasa nimechoka. Baba yako hana sauti. Ilianza kukwaruza mwaka jana wakati wa korosho, akasema vumbi. Mwezi wa pili ikabaki ya kunong'ona. Hospitali wakamtuma Dar, huko wakaona ni saratani, iko kwenye koo. Mwezi wa nne wakamkata. Kile cha sauti wametoa chote. Sasa ana tundu shingoni, hapa chini, pale kifungo cha juu cha shati kinapofungwa. Anapumulia hapo. Dokta anasema ugonjwa wametoa wote. Sauti hairudi. Hairudi kabisa Edina, tusidanganyane tena katika ukoo huu.

Ile barua ya mwezi wa nne ameandika Ruangwa, uongo. Aliiandikia kitandani Dar, siku mbili kabla ya kisu. Mimi nilimshikia karatasi.

Ile simu uliyopiga nilikuwepo. Ametoka Dar siku ya tatu. Akaona namba ya matroni, akasimama wima. Nikamwambia nipe niseme mimi, akanizuia kwa mkono. Alitaka akusikie. Wewe ukasema sema hata neno moja. Wewe ukakata, yeye akabaki na simu sikioni mpaka uji wake ukapoa.

Anasema hana kingine cha kukupa, alikuwa na sauti tu. Mimi nasema huo ni upumbavu. Katekista anauliza kama aandike upumbavu. Andika.

Usimwambie nimesema. Au mwambie, mimi mtu mzima.

Shangazi yako,
Dionisia


Narung'ombe,
12 Juni 2025

Baba,

Shangazi amesema. Usimgombeze. Najua huwezi. Samahani, hilo limetoka vibaya, na wino haufutiki.

Tulikuwa shambani kwa kina Agatha tunakung'uta ufuta barua ilipofika. Nikaisoma nimesimama. Mama yake Agatha aliniona, akanipokonya ungo akasema nikakae kivulini, hakuniuliza kitu. Nililia mpaka kichwa kikauma. Baba, nilikukatia simu. Wewe ulikuwa unanijibu kwa kile ulichobaki nacho na mimi nikakukatia kwa sababu ya wasichana wa foleni.

Nina hasira pia, nisiwe mwongo. Umelala Dar, umekatwa, na mimi niko Nachingwea nahesabu Jumamosi. Kama ungekufa ningejulia wapi? Kwenye barua nyingine ya bati linavuja?

Jumamosi nakuja. Toa flashi kabatini. Nimefikiria hivi. Mimi nitasema, nitawasemea wote, Kiingereza changu si cha mwalimu Leonard lakini kinazidi cha kwako. Wewe utakuwa nyangumi. Yule wa kweli hasemi, anapumua tu, kwa tundu la kichwani. La kwako liko shingoni. Sijui kama nakosea adabu. Kama nakosea, usinijibu, nitakuja hivyohivyo tutakaa tu.

Mwanao,
Edina


Ruangwa,
13 Juni 2025

Edina,

Nampa Gaudens wa bodaboda barua hii maana posta itafika wewe umeshafika.

Hujakosea adabu. Nimecheka. Kicheko changu sasa ni kama filimbi iliyoingia maji, utakisikia, usishtuke.

Sikiliza mambo ya kazi. Usimwahi mtu, subiri mdomo wake ufunguke. Wanawake usiwabane sauti, wape sauti yako. Mtu akilia kwenye skrini, wewe nyamaza, watu watamalizia wenyewe. Kunywa maji ya vuguvugu, soda hapana.

Sasa lililo gumu. Nimeifungua flashi. Dakika ya sita kijana anakwenda kwenye kaburi la mama yake, na picha ya mama iko pale pale juu ya kaburi. Mama ambaye mimi nilimrudisha ufukweni mbele ya Ruangwa nzima. Kuna uongo mmoja mzuri unaoziba pengo hilo: kwamba mama alirudi kweli, wakaishi vizuri miaka kadhaa, ndipo akafariki. Nimeuandika kwenye kikaratasi, utaukuta mezani. Utakapofika hapo utaamua mwenyewe. Ukiusoma sitakulaumu, na usipousoma pia.

Naogopa, mwanangu. Watu hawajaniona tangu Machi. Watakuja kumwangalia nyangumi, watatazama shingo.

Baba yako


Ruangwa,
6 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui kama anuani hii bado ni yako. Kama anayesoma si Doris aliyekuwa afisa kilimo hapa Ruangwa, naomba airudishe posta. Mimi ni Edina. Nina miaka kumi na tano, nimekuwa mrefu, watu wanasema nina miguu yako.

Baba alipasuliwa koo mwezi wa nne kwa saratani. Amepona, lakini hana sauti tena. Unakumbuka sauti yake. Nakuandikia kukuambia hilo, na kukusimulia jambo la Jumapili iliyopita.

Tulionyesha muvi ya nyangumi, ya pili. Ya kwanza hukuiona, ilikuja baada yako. Ndani yake kuna mtoto ambaye mama yake amekufa, na baba alipoitafsiri alisema mama amerudi, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa mbele. Mimi nikakusubiri miaka mitano kwa maneno yale. Sasa katika ya pili kaburi la mama linaonekana wazi, ilibidi mtu aseme ni la nani, na mwenye maiki nilikuwa mimi.

Kibanda kilijaa saa tisa kabla hatujafungua pazia vizuri. Baba alikaa pembeni yangu na kitambaa shingoni. Watu walimsalimia, akawajibu kwa kichwa, wakajifanya hawaoni kitu. Dakika ya sita ikafika. Kikaratasi cha baba kilikuwa mapajani mwangu, kina uongo uliopangwa vizuri kabisa, ungeokoa heshima yake mbele ya watu wote. Nikamwangalia. Alikuwa anatazama skrini, mikono ameibana katikati ya magoti.

Nikasema kwenye maiki, "Hili ni kaburi la mama yake. Alikufa kabla hata ile ya kwanza haijaanza. Yule wa ufukweni ni mama yake mdogo. Baba alibadilisha kwa ajili yangu, kwa sababu mama yangu mimi alikuwa ameondoka."

Nikangoja miluzi. Mzee Masoudi, yule wa kahawa, akasema bila kugeuka, "Endelea, binti. Tulijua siku ileile. Babu gani anawekewa picha ya mwanamke kaburini?"

Kumbe walijua wote, mama. Kibanda kizima, watu arobaini, na hakuna aliyeniambia. Hata wale wapiga debe wa stendi niliokuwa nawauliza kuhusu gari la Njombe walikuwemo mle siku ile. Walikuwa wananijibu, "Bado, labda kesho." Kila siku walinijibu hivyo bila kuchoka. Kijana wa kwenye skrini akasema sentensi mbili bila mtafsiri.

Mwisho wa muvi, kijana yuko ndani ya mtumbwi peke yake, na nyangumi anapanda pembeni yake. Dakika tatu hakuna anayesema. Nikampa baba maiki. Akaipokea. Kisha akatoa kitambaa mbele ya watu wote, akaisogeza maiki shingoni, akapumua. Nyangumi akipanda, baba anavuta. Nyangumi akishuka, baba anaachia. Spika zilitetemeka. Hakuna aliyepiga mluzi. Shangazi Dionisia, ambaye baba alimwibia sauti akampa nyangumi wa kwanza, akasema kwa nguvu, "Huyu sasa ndiye. Yule wa mwanzo alikuwa anaongea sana." Baba akacheka ndani ya maiki, na ikasikika kama nyangumi kapaliwa.

Sikuandikii ili urudi. Nilikuwa nalitaka hilo sana, na limepita, na bado linaniuma ninapoandika kwamba limepita. Keshokutwa narudi Nachingwea. Shangazi atarudi kwake Chinongwe. Baba atabaki na redio, anaiwasha toka asubuhi ili nyumba iwe na mtu anayesema.

Namba yake ya simu ni ileile. Hajaibadilisha tangu ulipoondoka, ingawa mtandao ule hapa kwetu unasumbua na wenzake wote wameshahama. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Siku moja ukipata nafasi, ipige. Utasikia mtu anapumua tu, kwa nguvu. Usikate kama mimi nilivyokata. Ni yeye. Sema ulicho nacho, anasikia.

Mwanao,
Edina